Wafuasi 4,000, maswali yale yale: uhusiano kwa umma wa kidijitali una tija gani kwa chama cha ushirika?

Swali: Mimi ni katibu meneja wa chama cha msingi cha ushirika wa korosho (AMCOS) wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Misimu miwili iliyopita bodi yetu iliamua tuingie mitandaoni. Tulifungua ukurasa wa Facebook na wa Instagram, tukaanzisha makundi matatu ya WhatsApp, na tunamlipa kijana mmoja posho ya kuyasimamia. Leo tuna wafuasi zaidi ya 4,000, ingawa wanachama wetu hawafiki 900. Hata hivyo, katika mkutano mkuu wa mwaka huu wanachama waliuliza maswali yale yale ya zamani: makato haya ni ya nini, mbona fulani amelipwa na mimi bado, salfa (dawa ya mikorosho) imekwenda wapi. Baadhi ya wajumbe wa bodi wanataka tufunge kila kitu, wakisema ni fasheni inayokula fedha za wakulima. Je, uhusiano kwa umma wa kidijitali unakua kwa sababu una tija kweli? Na tija hiyo hupimwaje?

Jibu: Ndugu Katibu Meneja, sehemu kubwa ya jibu lako imo katika tarakimu mbili ulizoziandika wewe mwenyewe: wafuasi 4,000 na wanachama wasiofika 900. Hata kama kila mwanachama angekuwa na simu janja na angeufuata ukurasa wenu, jambo ambalo haliwezekani, bado watu zaidi ya 3,000 katika hesabu hiyo wasingekuwa wakulima wenu. Wengi wao bila shaka ni watoto wa Tandahimba wanaoishi Dar es Salaam, wafanyabiashara, wanafunzi, na watu waliopendezwa na picha ya mkorosho uliochanua. Si watu wabaya kuwa nao. Lakini hawakuwa ukumbini siku ya mkutano mkuu, na wala si wao waliokatwa fedha.

Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: tija ipo, na wajumbe wanaotaka kufunga kila kitu wanakosea, ila wana haki ya kulalamika, kwa sababu kilichojengwa hadi sasa kinazungumza na watu wengine. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Kukua kwa njia hizi hakuhitaji ubishi. Takwimu za TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano nchini, zinaonyesha kwamba hesabu ya watumiaji wa intaneti nchini ilikuwa takriban milioni 17 mwaka 2015, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imevuka milioni 30. Hata hivyo hesabu hizo hufuata laini za simu, na mtu mmoja mwenye laini mbili zenye bando huhesabiwa mara mbili. Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo takwimu za namna hiyo haziwezi kulionyesha: simu yenye bando mara nyingi ni ya kijana, na mwenye mikorosho ni baba au bibi yake. Ujumbe wa chama humfikia mzee kupitia mdomo wa mjukuu, ukiwa umefupishwa, na pengine umechanganywa na maoni ya mjukuu huyo. Anayeandika ujumbe bila kumkumbuka msomaji huyo wa katikati atashangaa kila mara kuona maneno yake yamerudi yakiwa na sura nyingine.

Taaluma yenyewe ni ya zamani kuliko simu zote hizi. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Mshauri wa kampuni hiyo, Ivy Lee, alitoa taarifa ya maandishi kwa magazeti na kuwawezesha waandishi kufika eneo la ajali, wakati desturi ya makampuni ilikuwa kuficha. Mwaka 1984 wasomi wa taaluma hii, James Grunig na Todd Hunt, walizigawa namna za kufanya kazi hii katika makundi manne, ambayo mimi huyaeleza hivi: kuna kupiga debe, kama anavyofanya mpiga debe wa stendi anayetaka tu basi lijae, kuna kutoa taarifa za kweli lakini za upande mmoja, kuna kuwasikiliza watu ili ujue namna ya kuwashawishi, na kuna kuzungumza nao ukiwa tayari kubadilika wewe pia pale ambapo hoja yao ni ya haki. Mitandao imeirahisisha sana namna ya kwanza, na imeiwezesha namna ya nne kwa gharama ndogo kuliko wakati wowote uliopita. Ni taasisi yenyewe inayochagua mojawapo, na nikisoma maelezo yako naona chama chenu kiliteleza kikaangukia kwenye debe bila kukusudia.

Sisi wa kusini tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Katika mzozo wa gesi ya Mtwara, wananchi walipopinga isafirishwe kwa bomba hadi Dar es Salaam, kuanzia maandamano ya Desemba 2012 hadi ghasia za Mei 2013, WhatsApp ilikuwa bado haijaenea vijijini. Habari zilisambaa kwa vipeperushi, ujumbe mfupi wa simu na vijiwe. Mzozo ule ulikuwa na mizizi mirefu ya historia na uchumi, nami siamini kwamba mawasiliano peke yake yangeuzuia. Lakini yeyote aliyekuwapo anakumbuka kwamba swali la wananchi lilikuwa fupi: bomba likienda Dar es Salaam, Mtwara inabaki na nini? Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikuja mwishoni mwa Januari 2013 akakutana na makundi mbalimbali, na baadaye mtambo wa kusafisha gesi ulijengwa Madimba. Maelezo yalitolewa, ila yalikuja baada ya watu kukusanyika barabarani. Swali likikaa muda mrefu bila mwenye jibu, watu hulijibu wenyewe, na jibu lao huwa chungu kuliko ukweli.

Hapo ndipo njia za kidijitali zina tija kubwa kuliko mahali pengine popote: hupunguza muda ambao swali hukaa bila jibu. Sauti ya dakika moja iliyorekodiwa WhatsApp, ikidai kwamba fedha za mnada wa pili zimeliwa, inaweza kufika Newala, Masasi na Nachingwea kabla ya adhuhuri. Chama kinachosubiri kikao cha bodi cha wiki ijayo kimeshachelewa.

Nieleze kosa nililoshiriki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa uhusiano wa taasisi moja katika ukanda huu, ambayo ilichelewa kuwalipa watu waliokuwa wanaidai. Kila siku tuliweka ukurasani picha za viongozi wakipokea wageni, na kila siku chini ya picha watu waliuliza, "Malipo lini?" Niliagizwa nifute maoni hayo, nikayafuta. Ndani ya siku nne mtu alikusanya picha za skrini za maoni yaliyofutwa na kuzisambaza, na tangu hapo hata taarifa zetu za kweli zikawa zinapokelewa kwa kicheko. Fedha zilipokuja, kwa ukamilifu, hakuna aliyetushukuru. Nilijifunza kwamba maoni yale yalikuwa hazina: watu walikuwa wanatuambia bure, kwa maandishi, jambo moja tu walilotaka kulijua, nasi tuliyaona kama uchafu wa kufagia.

Sasa tuingie kwenye makato, maana ndiko tatizo lenu lilipo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hapeleki korosho sokoni akarudi na fedha mkononi. Anazikabidhi chama cha msingi, zinapimwa, zinawekwa daraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinauzwa mnadani, kisha malipo yanarudi yakiwa yamepunguzwa tozo kadhaa: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri, ushuru wa halmashauri na nyinginezo. Zamani masanduku ya zabuni yalifunguliwa mbele ya wakulima, na hata ambaye hakuelewa hesabu aliona kwa macho yake barua za wanunuzi zikisomwa. Siku hizi mnada unapoendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, bei inatokea kwenye skrini. Mfumo huo una faida zake, lakini kwa mkulima umeondoa sehemu ya ushahidi wa macho, na pengo hilo ni lazima lizibwe na maelezo. Je, katika misimu hii miwili, ukurasa wenu umewahi kuweka mchanganuo wa kilo moja ya korosho, kutoka bei ya mnada hadi shilingi inayoingia kwenye akaunti ya mkulima, kila kato likiwa na jina lake na sababu yake? Nina shaka, kwa sababu kama ungewekwa na kueleweka, swali la kwanza mkutanoni lingekuwa tofauti: wangeuliza kwa nini kato fulani ni kubwa, badala ya kuuliza ni la nini. Hayo ni maswali mawili yaliyo mbali sana, na hilo la ukubwa wa kato ndilo linaloonyesha kwamba mawasiliano yamefanya kazi hata kama linamuumiza mwenyekiti.

Mchanganuo huo uandikwe baada ya kila mnada, na usiandikwe kwenye "Taarifa kwa Umma" yenye nembo, kumbukumbu namba na aya tano, ikapigwa picha na kutumwa kundini. Najua picha ya namna hiyo ina heshima yake kwa sababu ya muhuri, lakini kwenye simu ndogo haisomeki, na kwenye kiswaswadu haifiki kabisa. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, unafika bila bando, na unatosha kusema: mnada wa pili umefanyika, bei ya wastani ni kadhaa, makato kwa kilo ni kadhaa, malipo yanatarajiwa tarehe fulani, mchanganuo umebandikwa ghalani. Picha ya ubao wa ghalani ndiyo iende WhatsApp na Facebook. Kwa namna hiyo mjukuu anayemsomea bibi yake ana tarakimu mkononi, na bibi akitaka kuhakikisha anaweza kwenda kuutazama ubao.

Vivyo hivyo kuhusu uvumi. Imekuwa desturi taasisi kuchukua ujumbe wa uongo, kuugonga muhuri mwekundu wa "UZUSHI" na kuusambaza upya. Muhuri huo unakanusha lakini haujibu. Mtu aliyesikia kwamba salfa imeuzwa Msumbiji hataridhika kuambiwa ni uzushi. Ataridhika akionyeshwa mifuko iliyopokelewa ni mingapi, imegawiwa kwa wangapi, iliyobaki iko ghala lipi na nani ana ufunguo. Kama tarakimu hizo hamna, basi tatizo lenu si la mawasiliano, na hakuna ukurasa utakaolitatua. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wengi wa kurasa wakilaumiwa kwa mambo yaliyoharibika kwenye daftari la stoo.

Kuhusu kupima. Juni 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona, chini ya chama chao cha kimataifa AMEC, wakakubaliana juu ya kanuni ambazo zimehuishwa mara kadhaa tangu hapo. Kiini chake ni kwamba lengo liwekwe kwanza, kwamba kinachopimwa kiwe matokeo kwa watu badala ya wingi wa machapisho, na kwamba thamani ya habari isikadiriwe kwa bei ya tangazo ambalo lingejaza nafasi hiyo hiyo. Idadi ya wafuasi haikidhi kanuni hizo. Isitoshe, tangu Januari 2018, Facebook ilipotangaza kuzipa kipaumbele habari za marafiki na jamaa kuliko za kurasa za taasisi, mfuasi wako hana hakika ya kuona ulichoandika.

Pimeni hivi. Fungueni daftari la maswali, daftari la kawaida la karatasi, na kila swali linaloingia kwa simu, kwa WhatsApp, kwa maoni ya Facebook au kwa mtu aliyefika ofisini liandikwe: tarehe, kijiji, mada, na saa lilipojibiwa. Jina si lazima. Baada ya mwezi mmoja mtajua wakulima wanauliza nini hasa, na mnachukua muda gani kujibu; hicho ndicho kipimo cha kwanza, na ni kipimo chenu wenyewe kabla hakijawa cha wakulima. Kisha, siku za malipo, kijana wenu asimame ghalani awaulize wanachama thelathini, mmoja mmoja, maswali matatu: bei ya mnada ilikuwa kiasi gani, makato kwa kilo ni kiasi gani, na taarifa hizo alizipata wapi. Majibu ya swali la mwisho yatawashangaza. Mtakuta huenda wengi walisikia redioni au msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na wachache sana Instagram. Rudieni zoezi hilo kila mnada, na mlinganishe vijiji mnavyovitumia ujumbe mfupi na vile ambavyo bado.

Nasisitiza mpime uelewa, msipime furaha. Bei ikiwa nzuri hasira hupungua hata kama chama hakikusema neno, na bei ikianguka mawasiliano bora kabisa hayatawafanya watu watabasamu. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei hiyo ilikuwa juu, lakini kilichozungumzwa vijijini kwa miezi kadhaa kilikuwa uhakiki wa wakulima na tarehe ya malipo. Bei haikufuta haja ya kueleza.

Juu ya tarehe, pana fundisho katika hali ya hewa. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Kenneth, watu wa Mtwara wakahama mabondeni na pwani, na tarehe 25 kimbunga kikapiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Wapo waliosema tumedanganywa. Mwanzoni mwa Mei 2024 ikaja tahadhari ya Kimbunga Hidaya, na safari hiyo mvua na mafuriko vilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Anayetoa taarifa juu ya jambo ambalo bado halijatokea hana budi kusema wazi analolijua, lisilojulikana bado, na saa atakayozungumza tena. Badala ya kuwaahidi wakulima kwamba malipo ni Ijumaa, waambieni kwamba mnunuzi ameshalipa au hajalipa, kwamba benki imepokea orodha tarehe fulani, na kwamba Ijumaa saa nne asubuhi mtasema tena hata kama hakuna jipya. Kisha Ijumaa saa nne msikose.

Msiweke mayai yote mitandaoni pia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa saa zipatazo sita, na Mei 2024, wiki moja baada ya Hidaya, hitilafu ya nyaya za baharini ilidhoofisha intaneti nchini. Kurasa hizo ni kiwanja cha mtu mwingine. Kiwanja chenu ni orodha ya namba za wanachama, ubao wa ghalani, na uhusiano mzuri na redio za kanda hii. Watu huku bado wanaisikiliza Pride FM ya Mtwara, Jamii FM ya Naliendele na Mashujaa FM ya Lindi, na dakika kumi za katibu meneja akijibu simu za wasikilizaji zinaweza kurekodiwa na kutumwa makundini jioni hiyo hiyo.

Orodha hiyo ya namba ilindeni. Nimeona vyama vikiweka kundini karatasi nzima ya malipo yenye majina, namba za akaunti na kiasi alicholipwa kila mtu, kwa nia njema ya uwazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu taarifa za watu kuanikwa hivyo bila msingi wa kisheria, na hata kama sheria isingekuwapo, mama aliyelipwa milioni kadhaa hapaswi kutangaziwa wezi. Jumla za chama ziwe wazi kwa wote, na za mtu mmoja apewe mwenyewe. Kwa matangazo ya upande mmoja, chaneli ya WhatsApp ni salama kuliko kundi, kwa kuwa wafuasi hawaonani namba.

Limebaki suala la kijana wenu. Msimwondoe. Mwacheni aipumzishe Instagram, abaki na Facebook kama kumbukumbu ya wazi kwa wanunuzi na ndugu walio mbali, na nguvu yake yote iende kwenye ujumbe mfupi, chaneli na daftari. Lakini apewe ruhusa ya kuingia kikao cha bodi na kupata tarakimu siku zinapotoka, bila kusubiri idhini ya watu watatu, maana kijana asiye na taarifa atabaki na picha za wageni tu. Anzeni na daftari sasa, kabla minada haijafunguliwa Oktoba. Na katika mkutano mkuu ujao, kabla hamjafika kwenye ajenda ya mapato na matumizi, lisomeni daftari hilo mbele ya wanachama, swali kwa swali, pamoja na yale mliyochelewa kuyajibu na siku mlizochelewa.